Jiko la spiriti ya molasi: chai safi, maharage sahau

Haya wale mnaoniuliza kila siku kuhusu lile jiko la spiriti, naandika mara moja yaishe. Langu ni la plate mbili, kila upande una kikopo chenye kitu kama pamba ngumu ndani kinachonyonya mafuta, kwa hiyo hata likipinduka halimwagi kama lile jiko la mchina la mafuta ya taa. Moto bluu, masizi hakuna, sufuria zinabaki nyeupe pee na macho hayawashi. Kwa chai, mayai, kupasha ubwabwa wa jana, sina la kulalamika.

Ila maharage jamani msijaribu. Lita 1 ya spiriti ina joto kama megajuli 21 hivi, mafuta ya taa yana kama 35, sasa piga hesabu mwenyewe. Mimi nachemsha mengi kwa mkaa, naweka friji, kuyaunga ndo nawasha spiriti.

Spiriti yenyewe inatokana na molasi, lile tope jeusi linalobaki wakishatoa sukari kwenye miwa, kule Kilombero wanatengeneza. Wanatia hamira inakula sukari iliyobaki inatoa pombe halafu wanaikeneka, yaani ni gongo iliyoenda shule tu. Shida ni kwamba hata hamira ikifanya kazi bila kupoteza chochote, kilo 100 za sukari zinatoa pombe kilo 51, nyingine yote inapaa kama hewa ukaa, na kila lita 1 ya spiriti inaacha lita 10 mpaka 15 za maji ya kahawia yananuka balaa. Kiwanda chenye akili kinayaozesha maji hayo kwenye matangi yaliyofungwa, kinapata gesi ya kuchemshia boila, makapi ya miwa nayo yanachomwa humo humo. Asiyefanya hivyo ananunua mafuta ya kukenekea mafuta, na bili hiyo unalipa wewe mteja. Na hayo makapi yenyewe yana sukari imejifungia ndani, vimeng'enya vya kuifungua, yaani vile vitu vya asili vinavyovunja makapi yatoe sukari, vipo, ila bei yake bado haijashuka vya kutosha hadi mtu aache molasi.

Kwenye kununua muwe macho, wanaopima rejareja wengine wanaongeza maji. Weka kijiko kimoja kwenye kisosi uwashe, spiriti nzuri ya kama asilimia 95 inaungua inaacha unyevu kidogo tu, ukikuta kidimbwi mrudishie mwenyewe. Na mchana kwenye mwanga ule moto hauonekani kabisa, kwa hiyo usiongeze mafuta mpaka jiko lipoe, hasa kama kuna watoto wanazunguka hapo.

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimekata kwa sababu dukani ukiulizia kikopo cha spea wanakwambia ununue jiko zima, eti ndo utaratibu.