Hadithi za sayari shambani: uzoefu wangu na LibriVox

Kupogoa zabibu ni kazi ya mikono na macho. Masikio yanakaa bure. Nina shamba dogo Mpunguzi, nje kidogo ya Dodoma mjini, na msimu wa kupogoa ukifika nashinda na mkasi tangu alfajiri mpaka jua linifukuze. Redio ilinichosha kwa matangazo. Ndipo nikaingia kwenye kusikiliza hadithi fupi za kisayansi za zamani, zile za roketi, mashine na viumbe wa sayari nyingine. Huu ni msimu wa tatu.

Nilianzia kwenye programu moja ya kulipia, jina nalimeza. Msomaji alikuwa kompyuta. Mtu anakufa angani, sauti ileile. Mtu anaomba chai, sauti ileile. Nikajitoa, na mwezi uliofuata wakanikata hela tena.

Ndipo nikahamia LibriVox, tovuti ya vitabu vya kusikiliza. Ni bure. Tangu 2005 wanaosoma ni watu wa kujitolea, na wanasoma maandiko ambayo hakimiliki yake imekwisha Marekani. Ndiyo maana hadithi za majarida ya miaka ya 1950 zimejaa humo: kwa sheria ya wakati ule hakimiliki ilipaswa kuhuishwa baada ya miaka 28, na nyingi hakuna aliyejisumbua. Uzembe wao umetufaa. Mafaili ni MP3 za kawaida. Ya ubora wa sauti wa 64 kbps yanakula kama MB 29 kwa saa, kwa hiyo napakua nikiwa mjini na shambani bando siligusi. Hedifoni naweka sikio moja tu. La pili nawaachia nyoka.

Mkusanyiko mmoja unaweza kuwa na hadithi kumi au zaidi, na wasomaji karibu idadi hiyohiyo. Leo lafudhi ya Marekani, kesho ya Uingereza. Kiingereza changu ni cha shule ya kata, kwa hiyo mimi msomaji namchagua kabla ya hadithi: nasikiliza dakika mbili, nikiona ananikimbia naacha, hata kama hadithi inasifiwa dunia nzima.

Aliyenishika ni yule aliyesoma “The Star” ya H. G. Wells, ya 1897. Inaanza kama habari: siku ya mwaka mpya, vituo vitatu vya kutazama nyota vinatangaza karibu kwa pamoja kwamba mwendo wa sayari ya Neptune umeharibika. Naye akaisoma hivyohivyo, kama taarifa ya saa mbili usiku. Joto linazidi, theluji inayeyuka, bahari inavamia nchi, na yeye sauti hapandishi. Nikaja kushtuka nimekata tawi nililotakiwa kuliacha. Halafu mwisho: wataalamu wa nyota wa Mars wanatazama kutoka mbali na kushangaa kwamba Dunia imeumia kidogo tu. Kabla ya hapo alitua, sekunde kama mbili hivi. Msomaji mwenye haraka angeiua hadithi palepale.

Sasa niko kwenye “The Machine Stops” ya E. M. Forster, ya 1909. Watu wanaishi chini ya ardhi, kila mtu chumbani kwake peke yake, wakizungumza kwa vioo vinavyoonyesha sura. Kijana anamsihi mama yake aje waonane ana kwa ana; mama anaona safari ni usumbufu, si wanaonana tayari kwenye kioo? Kumbuka mwaka: 1909. Msomaji huyu ni mwanamke, na sauti ya mama ameipa uchovu mdogo wa mtu aliyekatizwa shughuli zake. Naijua sauti hiyo. Ndiyo yangu nikipigiwa simu na bibi.

Usiku, tukila ugali wa uwele na mlenda, namsimulia bibi nilipofikia, kwa Kiswahili, na Kigogo pale maneno yanapokwama. Habari za vioo hazikumshtua. Aliuliza, “Sasa huko chini chakula nani analima?” Nikamwambia hakuna anayelima, wanabonyeza kitufe, Mashine inaleta. Akalamba mlenda kidoleni, akafikiri. “Na ikiharibika?”

Nikamwambia asubiri kesho, bibi, sehemu ya tatu sijaisikiliza.