Petals of Blood: nilianza kumsaka muuaji, nikaishia kumlilia Nyakinyua

Nimemaliza Petals of Blood ya Ngũgĩ wa Thiong'o, riwaya iliyotoka 1977, na ninaisifu bila kusita.

Inaanza kama hadithi ya polisi. Chui, Mzigo na Kimeria, wakurugenzi wa kiwanda cha pombe ya Theng'eta, wamekufa kwa moto nyumbani kwa Wanja, huko Ilmorog. Polisi wanawafuata wanne: mwalimu mkuu Munira, Karega anayetetea wafanyakazi, Abdulla mwenye duka aliyepoteza mguu vita vya Mau Mau, na Wanja mwenyewe, aliye hospitalini. Munira anaandika maelezo yake akiwa rumande, nasi tunarudi nyuma miaka 12, Ilmorog ikiwa bado kijiji kilichosahaulika.

Mimi ni mpenzi wa hadithi za upelelezi, lakini kufikia katikati moto wenyewe ulikuwa umenitoka akilini. Mvua inakataa kunyesha, wanakijiji wanafunga safari na punda wa Abdulla hadi Nairobi kumweleza mbunge wao shida zao. Njiani mtoto Joseph anaugua. Wanaomba msaada kwenye jumba la tajiri, kumbe ni la Kimeria, yule yule aliyempa Wanja mimba akiwa msichana wa shule kisha akamtupa. Anawazuilia, na sharti lake la kuwaachilia ni Wanja alale naye. Nilikifunga kitabu kwa hasira. Kwa watu kama Kimeria, tamaa ya mwili na tamaa ya mali ni kitu kimoja.

Kilichoniumiza zaidi ni Nyakinyua, nyanya yake Wanja. Barabara kuu inafika, benki nayo inaleta mikopo ya kuendeleza mashamba. Watu wanashindwa kulipa, ardhi inapigwa mnada. Ajuza huyo anapita nyumba kwa nyumba akiwahimiza wenzake wapigane, nao wanamtazama kwa huruma tu: wapigane na nani? Mkoloni alikuwa na sura. Hii ni karatasi ya benki. Aliyewahi kuona hati ya shamba la kwao ikiwekwa rehani atazisoma kurasa hizo polepole sana. Hata theng'eta, aliyowapikia rafiki zake kwa heshima kufuata mila, inaishia kuwa bidhaa ya kiwanda, na faida inaenda kwa wengine.

Kasoro ipo. Karega na wakili mmoja wa Nairobi wanahutubu kupita kiasi, hasa kuelekea mwisho. Ningependa nafasi hiyo apewe Wanja, kwa maana yeye ndiye mwenye uhai kuliko wote.

Aliyewasha moto anajulikana mwishoni, nami simtaji. Mwanzoni vumilia kidogo, maana majina ni mengi na wakati unarukaruka. Ukifika kwenye safari ya Nairobi hutataka kukiacha.