One Hand Operation +: mipangilio ya haraka inayoletwa hadi kwenye kidole gumba

Anayesafiri kwa daladala saa za jioni huwa amebakiwa na mkono mmoja tu wa kutumia simu, kwa kuwa ule mwingine umeshika bomba la juu. Hapo ndipo hukumbuka kwamba ameacha data wazi na bando linaliwa na programu zinazojisasisha zenyewe, ilhali kitufe cha kuizima kipo juu kabisa ya skrini, mahali ambapo kidole gumba hakifiki mpaka simu ilegezwe kiganjani na kusukumwa kwa kidole kidogo. Simu yangu iliyopita ilinidondoka kwa namna hiyohiyo, nikishuka ngazi gizani baada ya umeme kukatika, nikiitafuta tochi. Kioo kilipasuka, na tangu hapo suala la mahali vitufe vilipowekwa nalichukulia kwa uzito.

Kwa miezi minne sasa natumia Galaxy A15, yenye skrini ya inchi 6.5 na urefu wa milimita 160 hivi, nikiwa nimeiwekea programu ya One Hand Operation +. Programu hii imetengenezwa na Samsung wenyewe, haina malipo, na ni ya simu za Galaxy. Huweka kishikio chembamba kwenye kila ukingo wa skrini, kushoto na kulia, nacho kinaweza kuongezwa upana, kurefushwa, kushushwa, au kufifishwa mpaka kisionekane kabisa. Kila kishikio hutambua mitelezo mitatu ya kidole: wa mlalo, wa mshazari kwenda juu na wa mshazari kwenda chini, na ukiwasha mitelezo mirefu, ile mitatu inakuwa sita kwa kila upande. Kila mtelezo hupangiwa kitendo chake, na miongoni mwa vitendo hivyo kimo nilichokuwa nakitafuta, yaani kufungua paneli ya mipangilio ya haraka, ile yenye vitufe vya data, tochi na vinginevyo, ambayo kwa kawaida huvutwa kutoka juu ya skrini.

Mimi nimeuacha mtelezo mfupi wa mlalo ubaki na kazi ya kurudi nyuma, kwa sababu mkono umekwisha kuuzoea. Ule mfupi wa kushuka mshazari unafungua arifa, na mrefu wake unafungua mipangilio ya haraka. Kishikio cha kulia nimekishusha hadi usawa ambao gumba langu hupumzika lenyewe simu ikiwa imekaa vizuri kiganjani, na hili ndilo jambo ambalo ningemsihi kila mtu alifanye kabla ya lingine lolote, kwa kuwa kishikio kilichokaa juu mno kinarudisha tatizo lilelile tulilotaka kuliondoa. Kisha nikaipanga upya paneli yenyewe. Data ya simu, tochi na mtandaopepe (hotspot), ambavyo navigusa mara nyingi kwa siku, nimeviburuta hadi safu ya chini, na vile nisivyovitumia nimeviondoa. Bila hatua hii ya pili, paneli inafunguka kwa urahisi lakini gumba bado linalazimika kupanda kufuata kitufe.

Ni haki kueleza kwamba simu hizi zina njia nyingine hata bila programu ya ziada. Katika mipangilio ya skrini ya mwanzo unaweza kuruhusu paneli ya arifa ishuke kwa kutelezesha kidole popote, ila hilo halifanyi kazi ukiwa ndani ya programu nyingine, na mara nyingi huko ndiko mtu aliko anapohitaji kupunguza mwangaza au kuzima data. Ipo pia hali ya mkono mmoja, inayoipunguza skrini nzima na kuisogeza pembeni. Maandishi nayo yanapungua, na kwa macho yangu hiyo si nafuu. Wenye simu za Pixel za Google walipata kwa Android 12, mwaka 2021, uwezo wa kuivuta skrini chini au kushusha arifa kwa mtelezo wa ukingo wa chini. Apple ilipoleta Control Center, yaani paneli ya vitufe vya haraka ya iPhone, mwaka 2013, ilivutwa kutoka chini, karibu na gumba. iPhone X ya mwaka 2017 ikaihamishia pembe ya juu kulia, uamuzi ambao kwa maoni yangu uliwanyima watumiaji kitu kizuri. Mwenye iPhone 8 au ya baadaye, iliyo na mfumo wa iOS 14 au zaidi, anaweza kuirudisha karibu kwa kupangia kuifungua kwa kugonga mgongo wa simu mara mbili.

Kilichonifanya niithamini programu hii zaidi ni mjomba wangu, ambaye baada ya kiharusi anatumia mkono wa kushoto pekee. Kwake yeye kutumia simu kwa mkono mmoja si suala la daladala wala la mizigo ya sokoni. Nilimzimia kishikio cha kulia, nikaongeza upana wa kile cha kushoto, nikaondoa mitelezo yote ya mshazari iliyokuwa ikimchanganya, na nikaupa ule mrefu wa mlalo kazi moja ya kufungua mipangilio ya haraka. Sasa tochi anaiwasha mwenyewe usiku, bila kumwita mtu.

Upungufu upo. Kava nene lenye kingo zilizoinuka huzuia kidole kuanzia ukingoni kabisa, hivyo itakubidi uongeze upana wa kishikio, nao upana ukizidi unaanza kuingilia vitu vilivyo pembeni mwa skrini, hasa kwenye michezo na programu za kuhariri picha. Kwa hizo, programu ina orodha ya kuzitenga ili vishikio visifanye kazi zinapokuwa wazi, na inafaa kuitumia mapema. Kutofautisha mtelezo mfupi na mrefu nako kunahitaji mazoezi. Wiki ya kwanza nilifungua arifa mara nyingi nilipotaka mipangilio, mpaka nilipoongeza tofauti ya urefu kati ya mitelezo hiyo miwili. Anayeanza leo apange ukingo mmoja na mitelezo miwili tu, kisha aongeze mwingine pale mkono unapokuwa umeizoea hiyo miwili bila kufikiri.