Tiketi ya basi Barcelona: kwanza hesabuni mko wangapi

Mama yangu alipigwa faini ya euro 100 ndani ya basi la Barcelona, na tiketi tulikuwa nayo mkononi. Ilishuka hadi 50 kwa sababu nililipa palepale, lakini hadi leo inaniuma. Kosa letu ni kwamba tulipanda wawili kwa kadi moja ya T-casual, ambayo ni ya mtu mmoja. Aliyetuuzia kibandani alituona tumesimama wote, na nilimuuliza kabisa kama kadi hiyo ingetutosha. Akaitikia kwa kichwa, akapokea hela.

Kwa hiyo hapa sitawachosha na rangi za kadi wala mahali mashine zilipo. Swali langu ni moja tu: kadi hii inabeba watu wangapi? Hadi mwisho wa 2019 kulikuwa na T-10, safari kumi, na familia nzima iliweza kuchangia. Ikaondolewa, T-casual ikashika nafasi yake ikiwa na safari kumi zilezile, ila za mtu mmoja. Wanaokwenda kwa ushauri wa ndugu waliofika zamani ndio wananaswa hapo.

Chaguo langu la kwanza, bila kusitasita, ni T-familiar. Ina safari nane, inadumu siku 30 tangu mnapoigusisha kwenye kisomaji cha kadi mara ya kwanza, na mnaruhusiwa kuchangia. Mkiwa watatu, gusisheni mara tatu. Mkibadilisha basi au kuingia metro (treni ya chini ya ardhi) ndani ya dakika 75, gusisheni tena mara tatu. Safari mpya haikatwi. Mtoto wa chini ya miaka minne hahitaji tiketi. Kwa mama, watoto na shangazi, sijaona kadi nyingine inayoifikia.

Ya pili ni T-casual, kwa msafiri wa peke yake. Bei ya 2025 ilikuwa euro 12.55, yaani kama 1.26 kwa safari, na kubadilisha ndani ya dakika 75 kumo pia. Kila mtu awe na yake, hata mke na mume.

Ya tatu ni Hola Barcelona ya siku mbili hadi tano, ambayo nayo ni ya mtu mmoja. Inamfaa anayezunguka kutwa nzima, tena ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayokubalika kwenye metro ya uwanja wa ndege. Mzee anayepanda basi mara mbili kwa siku asiinunue.

Tiketi ya safari moja, euro 2.65 mwaka 2025, haikuruhusu kubadilisha basi, wala kutoka basi kwenda metro.

Dereva hapokei noti wala sarafu, na T-familiar haiuzwi ndani ya basi; inunueni kwenye mashine za metro. Mimi vibandani sirudi. Mtu anayeuza kadi hizi kutwa anajua fika ni za mtu mmoja, na anawaona wageni na wazazi wao mbele yake. Kusema "nunueni mbili" kungemwongezea hata mauzo. Akanyamaza, mama akashushwa njiani mbele ya watu akiwa ameshika mkoba wake kama mwizi.

Kutoka uwanja wa ndege, pandeni basi namba 46 hadi Plaça d'Espanya. T-familiar inakubalika humo. Kwenye Aerobús, basi maalumu la uwanja wa ndege, haikubaliki.