Kuvuta uso au kubadili namba: kuchora vipuri vya mashine ya korosho

Hapa Mtwara, msimu wa korosho ukikaribia, kazi nyingi karakanani ni vipuri vya mashine za kubangulia. Juzi nilichora upya kwenye kompyuta nyumba ya beringi, yaani kipuri kinachoishika beringi, kwa njia mbili: ya historia na ya moja kwa moja.

Programu ya historia, kama FreeCAD, hukumbuka kila hatua. Beringi ya saizi namba 6205 ina kipenyo cha nje cha milimita 52. Ya 6206 ina 62. Nilibadilisha namba hiyo moja tu, 52 ikawa 62, ukuta na matundu ya boliti vikasogea vyenyewe, kwa kuwa nilivifunga kwenye kipimo hicho tangu mwanzo. Ubaya wake ni kwamba ukifuta ukingo ambao hatua nyingine inautegemea, hatua zote za chini yake zinaweza kuharibika, na kuzirekebisha kunaweza kula asubuhi nzima.

Kwa uundaji wa moja kwa moja, unashika uso wa tundu la beringi kwenye mchoro na kuuvuta. Ni sekunde chache. Ila ukuta wa nje haujui kilichotokea: wangu wa milimita 8 ulibaki 3, na kwa mashine inayotikisika vile ungepasuka.

Hata hivyo, mteja akileta faili la STEP, aina ya faili la kuhamisha michoro kati ya programu, kwa kawaida halina historia. Hapo sibishani, navuta uso. Solid Edge, programu nyingine ya kuchora, imechanganya njia hizi mbili tangu 2008, lakini kwa kazi ya biashara ni ya kulipia. Kwa kipuri chenye saizi nyingi, nafungua FreeCAD.