Karakana ya Leza, Unga Limited: Vipimo Vyake Chini ya Kalipa

Anayepeleka kazi kwa mara ya kwanza katika karakana hii ya kukata chuma kwa leza, iliyopo Unga Limited jijini Arusha, huonyeshwa kwanza karatasi ya mtengenezaji wa mashine yenye kipimo cha milimita 0.05. Kipimo hicho si cha uongo, ila kinaeleza jinsi kichwa cha mashine kinavyofika mahali kilipoelekezwa, wala hakielezi kipuri kitatokaje. Katikati ya hayo mawili kuna upana wa mkato, joto, unene wa pleti, shinikizo la gesi na usafi wa lenzi, na kila kimoja kina sehemu yake katika tofauti utakayoikuta ukipima.

Mimi huwapelekea vipuri vya mashine za kupukuchua mahindi, na kwa bati jeusi la milimita 3 sina la kulalamikia. Vipande vilivyochorwa kwa urefu wa milimita 120 vilitoka vikiwa na tofauti isiyozidi milimita 0.1, na matundu ya milimita 9 yalipitisha bolti za M8, yaani zenye kipenyo cha milimita 8, bila kupanuliwa kwa drili. Leza hula chuma kidogo inapopita, kwa kawaida kati ya milimita 0.1 na 0.3, hivyo programu hulazimika kusogeza njia ya mkato kwa nusu ya upana huo, la sivyo kila tundu litakuwa kubwa na kila kipande kitakuwa kidogo. Opereta wa hapa hukata kwanza kipande cha majaribio pembeni mwa bati, hukiacha kipoe, hukipima na kurekebisha ndipo aendelee. Kuacha kipoe si mbwembwe: chuma chenye urefu wa mita 1 kikizidi joto kwa nyuzi 30 hurefuka kwa zaidi ya theluthi moja ya milimita.

Pleti ya milimita 12 ni habari nyingine. Ukipima tundu juu kisha ukageuza pleti na kupima chini, kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo na unene, hutoa majibu mawili, kwa kuwa mwale wa leza hauendi wima kabisa hadi chini. Katika pleti zangu tofauti ilikuwa kama milimita 0.2. Kwa tundu la bolti hilo halina neno. Lakini beringi ya namba 6204, yenye kipenyo cha nje cha milimita 47, mara nyingi hutakiwa ikae katika tundu lisilopungua 47.000 na lisilozidi 47.025, na hapo leza haifiki. Nilichora tundu la milimita 45 ili fundi wa mashine ya kukereza alimalizie, ingawa mhudumu wa mapokezi alishikilia kwamba ningepoteza fedha bure na kwamba mashine yao ingetosha. Mteja asiyejua angemwamini.

Lalamiko langu la pili ni la matundu madogo. Katika pleti hiyohiyo kulikuwa na matundu ya milimita 6, yaani nusu ya unene wake, nayo yalitoka yameungua kingo, si duara, na chuma kilichoyeyuka kimeganda kwa chini. Kanuni ya kutochora tundu dogo kuliko unene wa pleti inajulikana kwa kila mwenye mashine hizi, na walipaswa kunipigia simu kabla ya kukata. Leza ingeweka alama ya kitovu tu, drili ikafanya iliyobaki.

Chuma cha kawaida hukatwa kwa oksijeni, ambayo huacha ngozi nyeusi kwenye kingo. Isipopigwa msasa, rangi hubanduka. Kwa chuma kisichoshika kutu waombe naitrojeni, ambayo huacha kingo safi lakini huongeza gharama. Bei yao huhesabiwa kwa urefu wa mkato, unene na idadi ya matundu, nami naiona ya haki.

Wateja wao wengi ni watu wa mageti na mapambo ya ukutani, ambao milimita moja haiwasumbui, na huenda ndiyo sababu mapokezi hakuna anayeuliza ni kipimo gani katika mchoro kisichovumilia tofauti. Kwa hiyo bati jembamba naliacha mapokezi bila wasiwasi, lakini pleti nene naipeleka asubuhi, kabla foleni ya mageti haijaanza, nizungumze na opereta mwenyewe.