Annihilation (2018): ule mwisho, na kwa nini nasema yule ni Lena

Muvi hii naipa 8 kwa 10, na karibu nusu ya hizo 8 zinatoka kwenye nusu saa ya mwisho, kwa hiyo leo naongelea huo mwisho na hapa ni spoila tupu, kama hujaiona ishia hapa kaione kwanza ni dakika 115 tu hazikuui.

Kwa aliyeiona zamani akasahau, Lena (Natalie Portman) ni mwalimu wa baiolojia chuo kikuu, zamani alikuwa jeshini, mume wake Kane (Oscar Isaac) ni askari aliyepotea mwaka mzima halafu siku moja anatokea tu nyumbani, anapanda ngazi kama mtu asiyejua kaja kufanya nini, anakunywa maji damu inaanza kumtoka. Lena anagundua jamaa alitumwa kwenye eneo linaloitwa Shimmer, kama pazia la mafuta juu ya maji, kila anayeingia harudi. Anaingia na wanawake wenzake wanne, Dk. Ventress, Josie, Anya na Sheppard, na yeye ndiye pekee anayetoka. Muvi yote anaisimulia akiwa karantini, anahojiwa na Lomax (Benedict Wong) na watu wengine wamevaa masuti ya kujikinga mpaka machoni. Hapo hapo niseme kitu kinachonikera, yaani nje wanamhoji na masuti lakini kina Lena waliingizwa mle ndani na mabegi mgongoni na bunduki kama wanaenda kambi ya skauti, hata barakoa ya karatasi hamna. Haya tuendelee.

Kule kwenye mnara wa taa, ndani kabisa ya Shimmer, ndio kila kitu kinapotokea. Anakuta mwili wa mtu aliyeungua na kamera imesimama pale, anaangalia video anamuona Kane anajilipua kwa guruneti la fosforasi, halafu Kane mwingine anatokea kwenye picha. Kwa hiyo yule aliyerudi nyumbani hakuwa mume wake. Lena anashuka shimoni, anamkuta Dk. Ventress (Jennifer Jason Leigh) anageuka mwanga, tone la damu la Lena linaingia kwenye ule mwanga na linazaliwa lile jitu lisilo na sura linalomuiga kila anachofanya. Akisukuma linasukuma, akikimbilia mlango linambana mlangoni mpaka anazimia. Aliyevaa hilo jitu ni Sonoya Mizuno, mcheza dansi, na ndio maana lile pambano halifanani na ngumi za kwenye muvi nyingine, ni dansi ya mtu na kivuli chake. Maneno karibu hakuna hapo, ni sauti tu, na muziki wa Ben Salisbury na Geoff Barrow ambao muvi nzima ulikuwa gitaa la pole pole unageuka ghafla kitu ambacho sijui nikiiteje, vaa hedifoni utanielewa. Nilishaiangalia kwa spika za simu na nikiri nusu ya huo mwisho sikuisikia kabisa, kama una namna yoyote ya kupata sauti nzuri itumie.

Lena analishikisha jitu guruneti, anavuta pini, anakimbia, jitu linaungua na sura ya Lena, mnara unaungua, Shimmer inaanguka. Halafu anapelekwa kwa Kane, anamuuliza wewe sio Kane eti, jamaa anajibu sidhani. Kisha Kane anamuuliza, wewe ni Lena? Lena hajibu. Wanakumbatiana, macho yao yanang'aa rangi za Shimmer, mwisho.

Sasa wadau wengi wanasema Lena aliyetoka ni kloni, yaani kopi, kwamba pale mnarani walibadilishana na aliyeungua ndiye Lena halisi. Ushahidi wao ni macho. Mimi nasema macho hayathibitishi kitu, kwa sababu katikati ya muvi Josie (Tessa Thompson) alishaeleza kwamba Shimmer ni kama prizimu, inapinda kila kitu sio mwanga tu, hadi mawimbi ya redio hadi vinasaba vya mimea na wanyama na vya kwao wenyewe. Lena mwenyewe anaangalia damu yake kwa hadubini akiwa bado kule ndani na anakuta imeshaanza. Kwa hiyo hata Lena yule yule aliyeingia lazima atoke na kitu machoni, sio lazima abadilishwe na mtu mwingine. Ile glasi ya maji mezani, inayoonyesha mikono ya Lena na Kane imepinda, nayo watu wanaikuza sana, naona ni ya kuonyesha mwanga unavyopinda basi.

Hoja yangu ni nyingine na sijaona wengi wakiigusa. Angalia Kane feki alivyo. Anarudi nyumbani Lena anamuuliza ulikuwa wapi, ulifikaje, yeye hajui, anasema alikuwa nje ya chumba, mlango uko wazi, akamuona, akaitambua sura yake. Basi. Hiyo ndio kopi, ina sura ya mke kichwani na haina kingine. Na ukiiuliza swali inajibu ukweli wote ilionao, hata kwenye sini ya mwisho, wewe sio Kane, sidhani. Haina kitu cha kuficha kwa sababu haina historia ya kuficha.

Lena je? Lena muvi nzima ni mtu wa kuficha! Alikuwa anatembea na Daniel, mfanyakazi mwenzake, na mume akiwa hai. Anaingia Shimmer bila kuwaambia wenzake kwamba Kane ni mume wake, Ventress peke yake ndiye anajua, na siku Anya (Gina Rodriguez) anapogundua anawafunga kwenye viti akiwa amechanganyikiwa, ndio usiku ule wa dubu anayelia kwa sauti ya Sheppard, mwenzao aliyekuwa ameshauawa, ambao sitaki hata kuuongelea. Mbele ya Lomax pia majibu mengi ni sijui, sijui, sijui. Na zile kumbukumbu za Daniel tunazoonyeshwa sisi watazamaji, Lomax hajaambiwa hata moja. Hizo ni za nani basi kama anayekaa kwenye kile kiti ni kopi ya dakika chache iliyozaliwa na tone la damu? Kopi ya Kane ilitoka na sura moja tu, hii nayo itoke na aibu ya ndoa nzima?

Kwa hiyo kile kimya cha mwisho kwangu ndio kitambulisho chake. Jitu lingejibu. Lingesema sidhani, au sijui, kama mwenzake. Aliyeulizwa swali la moja kwa moja na mwanaume aliye mbele yake akanyamaza na kumkumbatia ni mke yule yule aliyeshika jambo la usaliti kifuani muda wote huo na hakuwahi kulitamka, na nadhani Kane wa kwanza alikwenda zake akiwa anajua.

Kuna wanaosema sawa ni yeye, lakini ameacha kule ile tabia ya kujiharibu. Hii naielewa inatoka wapi. Ventress mapema anamwambia kwamba wanaojiua ni wachache sana ila karibu wote tunajiharibu, pombe, sigara, kuvunja ndoa iliyokuwa nzuri. Na jitu lilichukua kila kitu cha Lena, likashika guruneti halikulitupa, likaenda kuuchoma mnara wake lenyewe. Inaingia akilini kabisa, lilikufa na ugonjwa liliouambukizwa na Lena. Ila kuambukiza mwenzako hakukuponyi wewe. Akitoka pale bado haongei.

Na msisahau anafundisha nini. Sini ya darasani mwanzoni ni seli za saratani ya shingo ya kizazi zinagawanyika kwenye skrini, na baadaye kwenye kumbukumbu anasoma kitabu cha Henrietta Lacks, yule mama aliyefariki 1951 kwa saratani hiyo hiyo na seli zake zinaendelea kugawanyika maabara hadi leo. Seli za kawaida zikigawanyika mara kadhaa zinafika kikomo, hizo hazifiki. Sasa niambie, zile seli ni Henrietta au sio Henrietta? Alex Garland, aliyeiandika na kuiongoza muvi hii, ameiweka hiyo pale makusudi, sio pambo. Ndio maana hata nikisema yule ni Lena sisemi hajabadilika, kila kitu ndani yake kinaweza kuwa kipya, ila tabia imevuka nzima nzima.

Msiende kutafuta jibu kwenye kitabu pia, kile cha Jeff VanderMeer cha 2014. Ni kizuri, kinatisha kwa namna yake, lakini mle wanawake hawana hata majina wanaitwa kwa kazi zao, na Garland alikiandikia muvi kwa kukikumbuka kama ndoto badala ya kukifuata ukurasa kwa ukurasa, mwisho wake ni tofauti kabisa.

Nimekata alama 2, moja ya hayo masuti na nyingine katikati panaburuta, kina Josie na Sheppard wanaelezewa kwa sentensi moja moja kwenye mtumbwi halafu tunategemewa tulie wakifa. Kinachobaki kunibishia ni ile tatuu ya nyoka anayejila mkia. Lena anaingia hana, kwenye mahojiano anayo mkononi. Wa kloni wanaipenda sana hiyo. Lakini Anya anayo, na rudisha nyuma uangalie mkono wa yule askari wa kwenye bwawa la kuogelea, aliyekufa kabla kina Anya hawajafika, naye anayo. Inahama mtu hadi mtu kama upele, na kwa Lena ilianza kama alama ya kuvilia damu kabla hajauona huo mnara. Mwenye maelezo mengine ya huo mkono alete, mimi ya macho nimeshachoka nayo.